Ngiri wa Bondeni Wahamia Mlimani

Palikuwa na ndege Korongo, asiyeweza kukaa mahali pamoja, naye alimiliki timu ya ngiri. Mchezo wao ulikuwa kukimbia na mpira mdomoni mpaka nyuma ya mstari wa wapinzani. Ngiri walikimbia kichwa chini, mkia juu, bila kuona kitu. Walifuata tu kelele za vyura waliokaa nyuma ya mstari huo.

Asubuhi moja Korongo akatangaza, "Tunahamia mlimani. Uwanja wa huko una viti."

"Na sisi mashabiki?" akauliza Mama Chura.

"Nyinyi ni kelele tu," akajibu Korongo, akaondoka na timu, jezi na kombe.

Mechi ya kwanza huko, pundamilia walioketi vitini walitazama kimya kwa adabu. Nahodha Ngiri akadaka mpira, akainua mkia, akatega sikio. Mbali kule bondeni, vyura walikuwa wakiimba kwa mazoea. Nahodha akatimka. Wenzake wakamfuata, wapinzani nao, na refa nyuma akipuliza filimbi. Wakateremka mlima mzima mpaka nyuma ya mstari wao wa zamani. Vyura wakashangilia mpaka wakaangukia bwawani.

Korongo akatua akihema. "Hii timu ni yangu. Nyamazeni niwarudishe ngiri mlimani."

"Ni yako, Bwana Korongo," akasema Mama Chura. "Tutanyamaza siku watakayokosa kuufikia mstari huu."

Mpaka leo Korongo amesimama bwawani kwa mguu mmoja, akingoja vyura wanyamaze.