Chumba Kimoja, Kitanda Kimoja

Kitambulisho kiliteleza juu ya marumaru ya kaunta kikarudi kwa mwenyewe.

"Hiki nimekiona," alisema kijana wa mapokezi. "Nataka cheti cha ndoa."

Shukri alikuwa mkandarasi wa miaka hamsini, hakuzoea kurudishiwa kitu. Alichomeka noti mbili chini ya kitambulisho, akakisukuma tena.

"Hizi za nini?"

"Za chai, kijana."

"Chai nimekunywa." Noti zikarudi.

Rabab alisimama hatua mbili nyuma, mkoba ameushikilia mbele ya tumbo. Ni yeye aliyeichagua hoteli hii. Ilifungwa miaka thelathini katikati ya Kairo, sasa imefufuliwa. Taa za fuwele zimesuguliwa, lifti ya zamani ya vyuma inapanda tena, na juu ya paa kuna mkahawa na mpiga udi kila Alhamisi. Shukri alikubali bila ubishi. Chumba walimozoea kukutana, mtaa wa Faisal, mwenye nyumba alikuwa amempangisha mtu mwingine, na nyumbani kwa Shukri kulikuwa na mke.

Cheti hawakuwa nacho. Walioana kwa ndoa ya siri: karatasi mbili za mkono, mbele ya marafiki wawili wa Shukri. Zote mbili alizichukua Shukri. Tangu mimba ilipoingia, miezi minne sasa, Rabab alikuwa akimwomba nakala yake ili mtoto apate jina la baba. Mara ya kwanza alijibiwa, "Kesho." Mara ya mwisho alijibiwa, "Karatasi gani?"

"Huyu ni karani wangu," Shukri alisema. "Tuna mkataba wa kuandika."

"Karani. Chumba kimoja, kitanda kimoja." Kijana alipandisha sauti. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni na masanduku yake aliinua kichwa. "Huo mkataba mnauandikia juu ya mto, mheshimiwa?"

Watu wakacheka.

"Chunga mdomo wako! Unajua mimi ni nani?"

"Bado. Ndicho ninachokuuliza tangu ulipoingia."

Kisha akamgeukia Rabab. Macho yake yalikuwa makavu. "Na wewe, bibie. Huna kaka?"

"Ninaye."

"Yuko wapi saa hizi, dada yake anatembezwa mahotelini?"

"Yuko kazini," Rabab alisema, akitazama sakafu.

"Maskini. Laiti angekuona ulivyosimama hapo."

Shukri alikuwa akitazama saa yake.

"Sikiliza, mheshimiwa," kijana aliendelea. "Yule pale mlangoni, mwenye kikombe cha kahawa, ni afisa wa polisi wa watalii. Namba ya kitambulisho chako nimeshaiandika. Ama huyu ni mkeo, ama nimwite aje akuulize yeye."

Shukri aligeuka. Afisa alikuwa na sharubu nene na hakuwa na haraka. Kutoka juu ilishuka harufu ya njiwa wa kuchoma.

"Sema basi, ndugu yangu, na sisi tuna njaa!" mtu alipaza sauti kwenye foleni.

"Ni mke wangu," Shukri alisema chini chini.

"Sikusikia."

"Mke wangu! Kwa ndoa ya siri! Umeridhika, mbwa wewe?"

"Mimi kuridhika si kazi yangu. Andika." Kijana aliweka karatasi nyeupe na kalamu. "Jina lako mpaka la babu, jina lake, tarehe ya ndoa, namba za vitambulisho. Sahihi, na kidole gumba."

"Inakwenda wapi hii?"

"Kwenye faili, huko chini. Kila asiye na cheti anaandika. Wasomaji wake ni panya."

Shukri aliinama akaandika kwa hasira, ncha ya kalamu ikikwaruza karatasi. Alipofika kwenye tarehe alikwama. Rabab akaitaja.

"Nani kakuuliza?" alimkaripia. Lakini aliiandika.

Mchukuzi wa mizigo alitia sahihi ya shahidi wa kwanza. Wa pili akawa yule mama mwenye masanduku. "Natia," alisema, "ila namwonea huruma binti wa watu. Mume gani anatolewa neno 'mke wangu' kama jino?"

Shukri aliunyakua ufunguo. "Kesho naonana na mwenye hoteli. Utafagia barabara wewe."

"Karibu. Lifti ni ya kale, inabeba wawili tu: wewe na mchukuzi. Bibie atafuata."

"Usikawie," Shukri alimwambia Rabab bila kumtazama. "Meza yetu ni ya saa mbili." Mlango wa vyuma ukagonga, na lifti ikaanza kupanda ikilalamika.

Kijana aliipuliza karatasi mpaka wino ukakauka. Aliikunja mara mbili. Faili hakuligusa. Akaisukuma juu ya marumaru mpaka ikafika kwenye vidole vya Rabab, na uso wake haukulainika hata kidogo.

"Usinishukuru, hasira yangu bado iko pale pale," alisema. "Wakili anaingoja karatasi hiyo nyumbani kwetu tangu alasiri. Pita mlango wa nyuma, na mwambie mama aniwekee chakula."