Msemaji wa Mwisho wa Kiraimu

Alhamisi hiyo Suhayl bin Mabkhut aliamka akiomba augue. Alijipapasa paji la uso: baridi tupu. Hata homa ilikuwa imemtupa mkono.

"Babu, gari la profesa linapanda mlima!" Shikha, mjukuu wake, aliita kutoka uani. "Na yule bibi yumo!"

Huyo bibi ndiye aliyemkosesha usingizi wiki nzima. Profesa alimvumbua ng'ambo ya mpaka, huko Yemen, na inasemekana alikizungumza Kiraimu, dada mkubwa wa Kiarabu ambaye wasomi walikuwa wameshamzika. Hadi siku hizo watu waliamini kwamba amebaki msemaji mmoja tu duniani, naye ni Suhayl.

Shida ni kwamba Suhayl hakukijua Kiraimu.

Mama yake ndiye aliyekijua. Alipokufa alimwachia maneno machache ya kufukuzia mbuzi na matusi mawili matatu. Lakini profesa alipofika kijijini msimu wa ukungu, akauliza mbele ya wazee wote kama yupo anayeifahamu lugha hiyo, Suhayl alijikuta ameitikia. Tangu hapo ikawa kubuni tu. Akisahau jina alilolitoa jana, hutoa jingine. Profesa wala hakushtuka.

"Lugha tajiri hii!" alisema. "Mbuzi peke yake ana majina chungu nzima!"

Heshima nayo ikaja. Katika milima ile ya Dhofar hakuna karamu iliyoanza kabla Suhayl hajaketi. Watoto walimganda kila jioni, Shikha akiwa mbele yao: "Babu, kamba tunaiitaje? Na ukungu? Na mtu mvivu?" Naye huwarushia maneno kama anayelisha kuku, kisha akaendelea na chai yake. Leo yote hayo yangemwagika mbele ya kadamnasi. Aliona aibu hata kabla ya kuaibika.

Bi Tuful akateremshwa garini, mwili mdogo, macho makali. Sebule ilijaa mpaka mlangoni, na watoto wakaning'inia dirishani. Profesa akawasha kinasa sauti.

"Haya, Mzee Suhayl. Mkaribishe mwenzako."

"Mgeni hajanywa hata kahawa," Suhayl alijitetea.

"Babu naye! Leo unaona haya?" Shikha akacheka, akaenda kuifuata hiyo kahawa.

Suhayl akafumba macho, akamimina lolote lililomjia mdomoni. Bi Tuful alimsikiliza ameinamisha kichwa. Kisha akajibu. Alijibu kwa kirefu, bila kukwama, sauti ikipanda na kushuka, na Suhayl hakuambulia hata neno moja. Jasho likamtoka. Huyu anakijua, alijiambia. Huyu ndiye wa kweli, nami leo nimekwisha.

Bibi akajifunika uso kwa shela, akaangua kilio. Nusu ya sebule ikalia naye. Akamsogelea Suhayl kama anayempa siri ya ukoo, akamnong'oneza kwa Kiarabu:

"Nisitiri, ndugu yangu. Mimi hata neno silijui."

Suhayl naye akabubujikwa na machozi, na hakuna aliyelia kwa dhati kama yeye pale ndani.

"Wallahi, ni kama namsikia marehemu mama!" akapaza sauti. Kisha akanong'ona, "Endelea tu, dada yangu. Tuko pamoja."

Wakaendelea. Yeye akarusha, bibi akadaka, profesa akapangusa miwani yake. Suhayl hakuwahi kujisikia mwepesi namna ile.

Ndipo Shikha akarudi na dele la kahawa. Akawamiminia wazee hao wawili, akasimama mbele yao kwa adabu, akawauliza jambo kwa Kiraimu alichokiokota kwa babu yake neno baada ya neno.

Wazee wakamtazama.

Akarudia polepole, kama mtu anavyosema na mgeni.

Aliyemjibu ni profesa, kwa Kiraimu hichohicho. Shikha akamrudishia. Mtoto mmoja akadakia kutoka dirishani, mwenzake akampinga, profesa akawaamua, na wote kwa pamoja wakaangua kicheko.

Suhayl na Bi Tuful nao wakacheka, huku kila mmoja akimtazama mwenzake, akingoja kutafsiriwa.