Salamu kutoka Biharwe

Kitambaa cheusi cha msiba kilikuwa kimebanwa kwa pini kifuani mwa Constantin, wazi kabisa, na mkewe Bénédicte alikuwa ameketi mbele yake akimuuliza kama mtoto wao amepiga simu.

"Alipiga, Mama Gradi," Constantin alijibu. "Anakusalimia. Anasema kazi iko mingi kule Biharwe."

"Mungu amusaidie," Bénédicte alisema, uso wake ukiwa umeelekea ukutani.

Benitha, mgeni aliyesimama mlangoni na mfuko wake begani, alikiona kile kitambaa akafungua kinywa kutoa pole. Constantin akaweka kidole midomoni, akamvuta hadi nyuma ya jiko.

Hapo akamweleza kwa sauti ya chini. Gradi alishazikwa. Alianguka na pikipiki akienda Mbarara kumjulia hali mama yake, aliyekuwa amelazwa kwa upasuaji wa jicho, lile moja lililokuwa na tumaini. Daktari alimkataza mama kulia, jicho lisije likaharibika. Basi majirani wa hapa kijijini Rubondo wakamlilia Gradi kimyakimya, na mama akaambiwa mwanawe amepata kibarua Biharwe.

"Ile siku ataona, njo tutamuambia," Constantin alisema. "Mbele ya pale, hapana. Dada, nakuomba."

Lakini kuona hakukuja. Siku ya kutoa bandeji kule hospitalini, muuguzi alikuwa amesema jicho limepona vizuri mno. Bénédicte akageuza uso ukutani, akasema anaona moshi tu. Constantin alikuwa amesimama hapo mbele ya kitanda, na kitambaa kifuani. Alikuwa amesahau kukitoa.

"Nilimushukuru Mungu hakukiona," alimwambia Benitha, na machozi yakamshinda. "Bwana gani anashukuru bibi yake akikosa macho?"

Benitha hakuwa daktari. Kazi yake, iliyomleta kutoka Mbarara, ni kuwafundisha watu walioachwa na macho kupika tena, kufua tena, kutembea bila kushikwa mkono. Kudanganya hakukuwamo katika mafunzo yake. Alikubali hata hivyo, maana angefanya nini?

Walianza na chai.

"Mama, kidole weka hapa ndani ya kikombe, juu kidogo. Chai ikigusa, wewe simamisha."

Bénédicte alimimina. Chai ya moto ikapita kidole, ikafurika, ikamwagikia mkono mzima. Aliyeruka ni Benitha. Mama mwenyewe alikunja uso tu, akaomba maji baridi.

Ziara zilizofuata, mkono ulipopona, walihamia kwenye nguo. Benitha alimwachia pini: moja ndani ya blauzi ya kanisani, mbili ndani ya ile ya nyumbani, ili vidole vijue ipi ni ipi. Hilo Bénédicte alilishika upesi. Alikuwa mwanafunzi msikivu, na kila somo lilipoisha alimfungia mwalimu wake mihogo ya kurudi nayo nyumbani, akimwita binti yangu.

Na kila siku aliulizia simu ya Gradi. Kila siku Constantin alitunga salamu mpya, kisha akatoka nje.

Kilichomtesa Benitha ni vitambaa vya kupimia rangi. Fundi mmoja wa mjini alimkatia vipande vinne vya kitambaa cha aina moja: chekundu, cheupe, cha njano na cheusi, vyote vya ukubwa mmoja. Kwa mkono huwezi kuvitofautisha, labda ulale navyo mwaka. Jicho tu ndilo linaloweza. Alitaka kujua kama kuna rangi hata moja iliyobaki, aipake kwenye kizingiti mama asijikwae.

"Mama, nipe ya njano."

Bénédicte alivipapasa, akampa cheupe. "Yote ni moja, binti yangu. Ni moshi."

Benitha alimwachia vile vipande ajaribu peke yake kwenye mwanga wa asubuhi. Alipokuwa akirudi mjini alijikuta akiomba jicho lile lione, na papo hapo akiomba lisione. Aliona aibu kwa ombi hilo la pili.

Siku ya ziara ya mwisho alivimimina vitambaa mkekani. Vilikuwa vitatu. Cheusi hakikuwamo. Alikitafuta chini ya kitanda, akakung'uta mkeka.

"Acha tu," Bénédicte alisema. "Haiwezi kupotea."

Nje, Constantin alikuwa akipasua kuni. Benitha aliona afadhali amalize na nguo. Mama alikuwa amevaa blauzi ya kanisani, kwa heshima ya kuagana, na Benitha alitaka kuhakikisha pini yake imekaa vizuri, isimchome.

"Mama, ngoja nione pini."

Bénédicte hakumzuia. Alifungua vifungo viwili mwenyewe. Ndani ya blauzi, upande wa moyo, mahali ambapo vifungo vikifungwa hakuna mtu angepaona, pini ile ilikuwa imebana kipande cheusi.

Benitha aliinua uso. Macho ya Bénédicte yalikuwa yakimsubiri. Yalilifuata chozi lililokuwa likimshuka Benitha shavuni, taratibu, mpaka kidevuni, na kidole gumba cha mama kikaenda moja kwa moja kulifuta.

Kisha akafunga vifungo, akageuza uso ukutani na kuita:

"Baba Gradi! Mutoto amepiga simu?"

Shoka likanyamaza.

"Amepiga, Mama Gradi. Anakusalimia."