Mjeledi wa Ijumaa Kuu

Pigo la nne lilichana kanzu nyeupe mgongoni, na kilichochuruzika watu wakadhani ni mawese. Ndiyo yanayopakwa kila mwaka hapa Minago, kwenye Njia ya Msalaba, ili Yesu aonekane anavuja damu. Wanawake wakaanza kulia. Mzee mmoja akasema mwaka huu wanaigiza vizuri kweli.

Karoli, askari wa Kirumi mwenye kofia ya bati, akainua mjeledi tena. Wenzake walikuwa na mijeledi ya vitambaa. Ndani ya wake alikuwa amesokota kamba ya wavu, pamoja na vipande vya risasi vinavyozamisha nyavu ziwani.

Aliyebeba msalaba alikuwa Mushagalusa, muuaji.

Minago nzima ilijua habari zake. Alivuka ziwa kutoka Kongo akiwa yatima wa vita, mama yake Karoli akamlea pamoja na wanawe wawili, na wote watatu wakawa wavuvi. Kisha jioni moja ya ulevi ufukweni, Zakaria, mdogo wake Karoli, alipigwa kasia la kichwa akafa. Karoli mwenyewe alikuwa amekunywa kanyanga hadi kuzimia. Alipozinduka asubuhi, mama alikuwa ameshalifua shati lake. Mama ndiye aliyemsimulia yote: ugomvi ulivyozuka, Mushagalusa alivyopiga, na yeye Karoli alivyomkumbatia marehemu hadi akalowa damu. Mahakamani Mushagalusa hakubisha. Alifungwa miaka tisa, akatoka kwa msamaha.

Kilichomchoma Karoli zaidi ni mama. Miaka yote hiyo alipanda basi kwenda gerezani kumpelekea muuaji ugali na ndagala. Karoli aliacha kusema naye. Mushagalusa aliporudi, akaomba mwenyewe kubeba msalaba, Karoli naye akaomba kuwa askari.

Mazoezini katekista aliwaeleza Pasaka ilikotoka. Kule Misri, alisema, mauti yalipita juu ya kila nyumba iliyopakwa damu ya mwanakondoo, na mzaliwa wa kwanza wa nyumba hiyo akabaki hai. Mwanakondoo hakuwa na kosa lolote. Karoli hakusikiliza sana. Alikuwa akiutazama mgongo wa Mushagalusa.

Sasa walikuwa wakipanda kutoka ufukweni, katikati ya michikichi. Mushagalusa alianguka mara ya kwanza mahali palipopangwa. Karoli akampiga teke la mbavu, na waliokuwa karibu wakalisikia. Mara ya pili alianguka pasipopangwa. Msalaba ukamlalia shingoni, Karoli akaukanyaga kwa uzito wake wote. Jino likatoka pamoja na mate. Askari mwenzake alimshika mkono, akamwambia sasa basi. Karoli akamsukumia mtaroni.

Hakutaka kumuua Mushagalusa. Alitaka neno moja tu, lile ambalo miaka tisa haikulitoa. Akainama sikioni mwake.

"Omba musamaha. Sema ulimuua, nitaacha."

"Piga, kaka," Mushagalusa akajibu. "Iko sawa."

Hilo "kaka" ndilo lililomtia wazimu. Alipiga uso, akapiga mikono iliyouziba uso, akapiga hadi kamba ikarudi na nyama. Wimbo wa msafara ulikatika nyuma, kisha mbele. Watu wakaelewa kwamba yale hayakuwa mawese, lakini waliogopa kumkaribia mtu mwenye macho yale.

Aliyesogea alikuwa mama yake. Mwaka huo ndiye aliyeigiza Veronika, mwanamke aliyempangusa Yesu uso njiani, na alishika kitambaa cheupe. Alipiga magoti vumbini, akaupangusa ule uso, na kitambaa kikajaa damu mara moja. Karoli akamwambia aondoke, la sivyo atampiga na yeye. Mjeledi ulikuwa tayari juu.

"Nyamaza, mama," Mushagalusa alimwomba kwa kinywa kilichovimba, ingawa mama hakuwa amesema kitu.

Mama akainua macho, akamtazama mwanawe.

"Kasia ulilishika wewe, Karoli. Huyu nilimwomba mimi akubebee."