Gari Lisilo na Kiti cha Nyuma

Mgodi wa makaa ya mawe ulifungwa Jumatatu. Alhamisi mume wangu, Virgil, akarudi kutoka mji wa Bluefield na gari jeusi, buti lake refu kama jeneza.

"Hili ndilo la kutufikisha Detroit kwenye kazi za viwandani, mama watoto," akasema, lakini hakunitazama usoni.

Watoto wote wanne wakalivamia. Binti yetu mkubwa akakiinamisha kiti cha mbele apite nyuma, kisha akasita. "Mama, sisi tunakaa wapi?"

Nikachungulia. Nyuma palikuwa na ubao tu, umefunikwa kitambaa kinachonuka gundi. Nikaupapasa kutafuta matundu ya skrubu, labda kiti kiling'olewa. Hapakuwa na tundu hata moja. Lilitoka kiwandani hivyo, gari la wachuuzi wanaozunguka peke yao na mizigo yao.

"Virgil, tuko sita."

"Nikipata kazi nitawatumia nauli."

"Kama kaka yako alivyomtumia mkewe? Mwaka wa tatu huu, maskini bado anaingoja posta."

Akachezea ufunguo. Jikoni tulikuwa na nusu gunia la viazi, na kampuni ya mgodi ilitaka tuihame nyumba yake Jumamosi.

Nikaleta blanketi, nikalitandika juu ya ule ubao. Wawili nikawakalisha pale, wawili kiti cha mbele. Ikabaki nafasi ya mtu mmoja, kwenye usukani. Wakati wa vita, yeye akipigana Ulaya, mimi niliendesha lori la kiwanda cha risasi.

Nikamnyooshea mkono.

"Lete ufunguo."