Bahasha ya Ustinya

Mzee Nikanor alimshika mkono Ustinya, mke wa mwanawe, tangu mlangoni mwa shule, na hakuuachia.

"Lete bahasha," alisema.

Ustinya akampa. Nyuma yao walipanga foleni wanaume wa kijiji cha Yelovka, theluji mabegani, macho yote kwake. Miezi minane tangu mfalme ang'olewe, ndiyo kwanza wanawake wa Urusi wanapiga kura, na kijiji kilikuwa kimekwisha amua. Jumapili kila mwanamume aliapa mbele ya sanamu takatifu kwamba kura yake ni ya Orodha ya Tatu, chama cha wakulima. Wanawake watafuata. Kaya itakayokwenda kinyume itanyang'anywa shamba.

Lakini mume wa Ustinya, Yermolai, alikuwa ameandika kutoka vitani: "Piga Tano, Wabolsheviki. Hao ndio watakaoturudisha nyumbani. Baridi hii siivuki."

Kila mpiga kura alikuwa ameletewa karatasi za orodha zote. Ya Tano Ustinya aliificha ndani ya mkono wa koti, mkono ule ule alioshikwa.

Nikanor alimwachia mkono, akageukia ukutani, akatoa karatasi mfukoni mwake, akaikunja, akaitia kwenye bahasha, akailamba na kumrudishia.

"Haya, tumbukiza."

Akatumbukiza. Alijiona kama amemfukia mumewe kwa mikono yake.

Jioni mwalimu alisoma hesabu. Tatu, kura mia mbili na kumi na mbili. Tano, moja.

Sysoi, mkuu wa kijiji, hakuhangaika kufikiri. "Ni huyo mke wa askari. Nani mwingine? Nikanor, shamba lako tunaligawa."

"Taratibu, Sysoi," mzee alijibu. "Bahasha yake nimeifunga mimi, na nyote mlikuwapo. Au na mimi, kwa ndevu hizi, nimekuwa Mbolsheviki?"

Watu wakacheka. Sysoi akaliacha lile la shamba.

Wakaondoka, mzee mbele, Ustinya nyuma. Walipozipita nyumba za mwisho Ustinya alishindwa kuvumilia. Akaitoa ile karatasi ya Tano mkononi mwa koti, imelowa jasho.

"Tazama, baba. Ningeitia hii. Umemwacha mwanao afie huko."

Nikanor hakugeuka. Alikwenda hatua kadhaa, theluji ikilia chini ya buti zake.

"Mimi niliapia kura yangu," alisema. "Yako sikuiapia."