Jalada Lenye Nukta

Kidole cha Selamawit kilibaki juu ya kipanya kama kimekufa ganzi. Upande wa kushoto wa skrini, mafaili ya kompyuta yake bado yalikuwa yamejipanga. Upande wa kulia, kwenye seva, ile kompyuta kuu ya kituo cha redio, hapakuwa na kitu. Alidhani anafuta ya kushoto, yasiyohitajika tena.

Nyimbo za waimbaji wazee wa mji wa Gondar, zilizorekodiwa kwa miaka kumi na moja, zilikuwa zimekwenda. Wengi wao walikwisha kufariki.

Akampigia simu mzee mstaafu aliyekuwa akiitunza seva ile. Ofisi nzima ilikuwa ikimcheka kwa kuficha kila kitu, hata sukari.

"Gashe," alimwita kwa heshima, "wale wazee nimewafuta wote."

"Asubuhi asubuhi hii? Haya, tulia. Fungua menyu ya juu, utaona pa kuonyesha mafaili yaliyofichwa. Weka tiki."

Akaweka. Upande wa kulia likajitokeza jalada moja, jina lake limeanza na nukta.

"Jina likianza na nukta, halionekani hivi hivi," mzee alisema. "Niliiacha mashine inakili nyimbo humo yenyewe kila Ijumaa."

Akalibofya mara mbili. Majina yakashuka skrini nzima, la kwanza likiwa la yule bibi kipofu aliyeimba huku akikohoa. Selamawit akajifuta macho kwa ncha ya shali.

"Wamo?"

"Wamo, Gashe. Mungu akulipe badala yangu."

"Amina. Sasa kanywe kahawa. Sukari iko nyuma ya kabati la kanda. Hiyo nayo hamkuiona."